Mtoto Aliyedhuriwa na Chanjo: Maradhi ya Ukoo na Kipimo cha Damu

Twapenda leo kulijibu swali tuliloletewa baada ya darsa ya usiku, nalo tumeona kuwa si swali la mtu mmoja.

Mwulizaji ni kijana aliyemwoa binti wa ami yake. Mwana wao wa kwanza alizaliwa mzima, akachomwa sindano ya kinga ya kifua kikuu kama wachomwavyo watoto wote. Baada ya wiki kadhaa kidonda cha mkono hakikufunga. Kwapani kukaota mitoki, ikapasuka. Homa ikashika isiachie. Ini na wengu vikavimba. Na mtoto akafa kabla hajatimiza mwaka. Sasa mkewe ni mja mzito tena, na watu wa nyumbani wamegawanyika mafungu matatu. Wako wasemao kwamba sindano ndiyo sumu, na huyu wa pili asichomwe sindano yo yote. Wako wasemao kwamba mke ana kisirani, na aachwe. Na wako waliokwisha kumwita mganga, na mbuzi mweusi amekwisha kununuliwa. Daktari naye amesema neno moja tu: nataka damu ya mume na mke ipimwe, itazamwe jeni. Kijana auliza: je, kupima huku si kuichungulia ghaibu? Na likionekana jambo, ndoa yetu itakuwaje?

Tutajibu kwa kadiri ya tuliyoyasoma na tuliyoyauliza kwa wenyewe wajuao, kwani sisi si matabibu.

Kwanza yatupasa kuijua hiyo sindano yenyewe. Jina lake ni BCG, na herufi zake mbili za mwisho ni za Calmette na Guérin, Wafaransa wawili walioitengeneza katika mji wa Lille. Walikichukua kijidudu cha kifua kikuu cha ng'ombe, wakawa wakikiotesha na kukihamisha, wakikiotesha na kukihamisha, tangu mwaka 1908 hata 1921, yapata mara 230, mpaka ukali wake ukatoka. Mwaka huo wa 1921 akapewa mtoto wa kwanza mjini Paris. Basi kilichomo ndani ya sindano si kijidudu kilichokufa. Ni kijidudu hai kilichong'olewa meno. Katika mwili ulio timamu hakina nguvu: pale kilipoingia huvimba kidogo, hutunga usaha, hukauka, na hubaki lile kovu dogo ambalo wengi wetu tunalo mkononi.

Faida yake ni kubwa. Yawakinga watoto wachanga na kifua kikuu cha utando wa ubongo na kile kienezacho sumu mwili mzima, nayo ni maradhi yauayo upesi. Kila mwaka huchomwa watoto kiasi cha milioni 100 duniani, na wanaodhurika kwa kuenewa na kijidudu hicho ni wachache mno, wa kuhesabiwa kwa vidole katika kila milioni. Twayasema haya mapema kwa sababu twamjua msomaji mwenye haraka: ataishia hapa kati, kisha aende barazani akaseme kwamba mashekhe wamekataza chanjo. Hatukukataza, wala hatukatazi.

Sasa, ni kwa nini mtoto mmoja akashindwa na kijidudu kisicho na meno? Katika damu ya mwanadamu mna chembe zilizoumbwa kwa kazi ya ulinzi. Miongoni mwazo ni zile ziitwazo makrofaji, na maana ya jina hilo ni walaji wakubwa. Kijidudu kikiingia, mlaji hukikamata akakimeza. Lakini kijidudu cha kifua kikuu na jamaa zake wana hila: humezwa wasife, wakakaa tumboni mwa mlaji kama mgeni asiyeaga. Hapo mlaji huwapelekea habari askari wengine, waitwao chembe T, na mchukuzi wa habari hiyo ni kitu kiitwacho intalukini 12. Chembe T zikiipata habari hurudisha jibu, na mchukuzi wa jibu ni kitu cha pili, jina lake intaferoni gama. Jibu likimfikia mlaji, ndipo apatapo nguvu za kumwua aliyemo tumboni mwake.

Walakini habari haifiki pasipo sikio. Chembe T ina sikio lake la kuisikia intalukini 12, na mlaji ana sikio lake la kuisikia intaferoni gama. Masikio haya ndiyo mabingwa wayaitayo vipokezi. Na kila kipokezi huundwa kwa maagizo yaliyomo katika jeni, nao ni urithi tuupatao nusu kwa baba na nusu kwa mama. Maagizo hayo yote ni kama kitabu kilichoandikwa kwa herufi nne tu, zikirudiwarudiwa hata zikatimia kiasi cha milioni elfu tatu. Pengine herufi moja hukosewa, na kwa kukosewa hiyo moja sikio lisiumbike, au liumbike likiwa kiziwi. Mtoto huyo hana kasoro ya kuonekana. Hucheka, hunyonya, hunenepa. Ila siku baragumu lipigwapo, hapana asikiaye.

Sababu hii haikujulikana hata mwaka 1996. Mwaka huo makundi mawili ya mabingwa yalitangaza jambo moja. Wa London walikuwa wamewachunguza watoto wa Malta, ambao wazee wao walitoka kijiji kimoja, walioshikwa na vijidudu dhaifu vya jamii ya kifua kikuu visivyomshinda mtu wa kawaida. Wa Paris walikuwa wamemchunguza mtoto mchanga wa asili ya Tunisia, wazee wake wakiwa jamaa wa damu, aliyekufa kwa BCG. Kote kuwili kosa lilionekana katika jeni moja, nayo yaandikwa IFNGR1, yaani jeni ya lile sikio la mlaji. Kisha mwaka 1998 mabingwa wa Paris na wa Leiden, Uholanzi, wakalipata kosa la pili, katika jeni iandikwayo IL12RB1, nayo ni ya sikio la chembe T. Hili la pili ndilo lililoenea zaidi: mwaka 2010 zilikusanywa habari za wagonjwa 141 wa aina hiyo, kutoka koo 102 za nchi 30. Wengi wao walishikwa kwa BCG, na wengine kwa kijidudu kingine kiitwacho salmonela.

Huenda mtu akasema: mtoto mgonjwa ni mgonjwa, ya nini kujua kama kiziwi ni huyu au ni yule? Hapo ndipo penye kiini cha jawabu letu. Walaze watoto wawili kitanda kimoja, huyu wa jeni ile na huyu wa jeni hii. Kwapani pamevimba sawasawa, homa ni moja, na daktari akitazama kwa macho hawezi kuwapambanua. Lakini dawa zao hazifanani. Yule ambaye chembe T zake hazisikii, mlaji wake asikia vyema. Kilichokosekana ni jibu tu. Basi hupewa intaferoni gama kwa sindano, pamoja na dawa za kuua vijidudu kwa muda mrefu, na wengi wa namna hiyo hupona. Ama yule ambaye sikio la mlaji halikuumbika kabisa, hata akipewa intaferoni ya kujaza pipa ni kumpigia kiziwi ngoma. Tiba ya kumponya ni kupandikizwa uboho wa mtu mwingine, na kazi hiyo ni nzito, ya gharama na ya hatari. Tena iko dawa moja itumiwayo sana kwa kifua kikuu, pirazinamidi, ambayo kijidudu cha BCG hakifi kwayo. Kwa hivyo asiyejua ni kijidudu gani na ni jeni gani aweza kumtibu mtoto miezi kadhaa, kwa bidii na nia njema, na asimtibu.

Kipimo chenyewe si jambo la kutisha. Huchukuliwa damu kidogo ya mkononi, kiasi cha kijiko cha chai, na mtambo ukazisoma herufi za jeni hizo moja baada ya moja. Si kila hospitali ina mtambo huo. Mara nyingi damu hupelekwa mbali, na jawabu hukawia. Kama mtoto amekwisha kufa na damu yake haikuwekwa, husomwa ya baba na ya mama, na wote wawili wakikutwa na kosa katika jeni ile ile, sababu ya kifo chake yawa karibu kudhihiri. Ajuaye kupima aweza pia kuzijaribu chembe zenyewe, akatazama kama sikio lipo na kama lasikia.

Lakini msomaji na ajue kwamba jawabu si mara zote ni ndiyo au siyo. Pengine husomwa badiliko ambalo maana yake haijulikani, na bingwa mkweli husema hivyo hivyo. Na pengine halionekani kosa lo lote katika jeni hizi mbili, kwa kuwa lipo katika nyingine, kwani jeni za njia hii ya habari na jibu ni nyingi. Tena wako watoto wanaodhuriwa na BCG kwa sababu nyingine kabisa, kama vile virusi vya UKIMWI. Na si kila mtoki wa kwapani baada ya sindano ni maradhi haya. Ulio mdogo, mtoto akawa hana homa na anyonya vizuri, mara nyingi huondoka wenyewe.

Ama lile la ghaibu, twasema: kilichokwisha kuandikwa ndani ya mwili si ghaibu. Daktari akipima mkojo akasema una sukari hatumwambii ameingia katika elimu ya Mwenyezi Mungu. Na jeni ni mfano wa hiyo sukari, ila imefichika zaidi. Ghaibu ni kusema mtoto huyu ataugua siku fulani na kufa siku fulani, na kipimo hakisemi hivyo. Katika aina ya IL12RB1 wamepatikana watu wenye kosa kutoka pande zote mbili, na wamekua hata wakawa watu wazima bila kuugua. Atakayeishika karatasi ya kipimo akatabiri nayo umri wa mtoto, huyo ni mpiga ramli, hata kama amevaa koti jeupe.

Tuingie sasa katika hesabu, kwani hapa wengi hukosea, na wasomi wamo. Kila mtu ana nakala mbili za jeni hizi. Aliye na nakala moja nzima na moja mbovu hana ugonjwa, kwani ile nzima yamtosha. Wala hajui kwamba ameibeba ile nyingine. Wakikutana mume na mke wa namna hiyo, kila mimba ina robo moja ya kupata mbovu zote mbili, nusu ya kupata moja na kuwa mbebaji kama wazee wake, na robo ya kupata nzima zote mbili. Tumemsikia mtu mzima mwenye elimu akimliwaza huyu kijana: mmoja amekwisha kufa, basi watatu wajao wamesalimika. Sivyo. Kila mimba yaanza hesabu yake upya, wala haijui ya nduguye.

Na kutokana na hesabu hiyo hiyo yadhihiri upuuzi wa wale wasemao mke ana kisirani. Aina hizi tulizozieleza hazimshiki mtoto mpaka baba naye alete nakala yake mbovu. Kama mke aachwe kwa nusu yake, mume naye aachwe na nani kwa nusu yake?

Imepokewa kwa Abu Huraira, katika Bukhari na Muslim, kwamba bedui mmoja alimjia Mtume (Rehema na Amani zimshukie) akilalamika kuwa mkewe amezaa mtoto mweusi, na moyoni mwake mlikuwa na shaka. Mtume hakumkemea wala hakumsadiki. Alimwuliza kama ana ngamia, na rangi zao. Akasema ni wekundu. Akamwuliza kama yumo wa rangi ya kijivu. Akakiri kwamba wamo. Akamwuliza hao wametoka wapi, na yule bwana mwenyewe akajibu kuwa huenda ni asili ya nyuma iliyowavuta. Mtume akamwambia kuwa na mwanawe huenda ni hivyo hivyo. Watizame wenye akili: jambo laweza kulala katika ukoo vizazi na vizazi, likaamka kwa mtoto mmoja, na mama wa mtoto huyo hana lawama. Bedui alilifahamu kwa ngamia wake. Sisi twataka mbuzi mweusi.

Limebaki lile zito kwa miji yetu ya pwani, nalo ni kuoana watoto wa ndugu. Ndoa hiyo ni halali, na asiye na ilimu asijitie kuharamisha alichohalalisha Mwenyezi Mungu. Sayyidna Ali alimwoa Bibi Fatima naye ni binti wa mwana wa ami yake. Lakini halali si wajibu. Imamu Nawawi katika Minhaji, kitabu kisomeshwacho katika madhehebu yetu ya Shafii, ameihesabu katika yaliyo bora kwamba mke asiwe jamaa wa karibu. Ama ile hadithi ipendwayo kutajwa hapa, kwamba mtoto wa jamaa wa karibu huzaliwa dhaifu, Ibn Salah amesema hakuipatia asili ya kutegemewa; basi haifai kumnasibishia Mtume, hata kama maana yake yatupendeza.

Watoto wa ndugu hushirikiana sehemu moja katika nane ya urithi wao, na kwa hivyo kosa lililolala kwa babu mmoja hupata njia mbili za kumfikia mjukuu wa mwanawe. Hata hivyo hofu nayo ina kipimo. Katika mji wa Bradford, Uingereza, wenye watu wengi wa asili ya Pakistani, uchunguzi uliotangazwa mwaka 2013 ulionyesha kuwa watoto wenye kasoro za kuzaliwa ni kiasi cha 3 katika 100 kwa watu wote, na kwa waliooana watoto wa ndugu ni kiasi cha 6 katika 100. Maana yake 94 hawana kasoro hizo. Lakini hesabu hiyo si ya nyumba iliyooana yenyewe kwa yenyewe vizazi vitatu au vinne, tena imekwisha kuzika watoto wawili au watatu kwa homa zisizojulikana. Nyumba hiyo hesabu yake ni nzito zaidi, na wenyewe waijua, na huificha wakati wa posa. Twaona kuificha huko ni katika ghishi. Saudia tangu mwaka 2004 imewalazimisha wanaotaka kuoana wapimwe damu kwa maradhi mawili ya urithi, selimundu na thalasemia; wakisha kujua, hawazuiliwi kuoana. Kipimo hicho hakiyatafuti maradhi tunayoyazungumza, walakini mwendo wake ni mwema: watu waambiwe, kisha wachague.

Basi kijana wetu, ikionekana kwamba yeye na mkewe ni wabebaji, hatuoni katika hilo sababu ya kumwacha. Wanajua wanachokibeba, na kujua huko ni bora kuliko alichokuwa nacho mwaka jana alipokuwa akizika. Kuhusu kumpima mtoto tumboni, na hukumu ya mimba, Baraza la Fiqhi la Makka mwaka 1990 liliruhusu kuitoa kabla ya siku 120 kwa kasoro nzito isiyotibika, kwa ushahidi wa kamati ya matabibu waaminifu na kwa ombi la wazazi. Maradhi ambayo mtoto aweza kukingwa nayo kwa kuacha sindano moja na kutibiwa mapema, sisi hatuyaoni kuwa yaingia humo.

Na sasa lililo la haraka, kwani mimba haingoji barua za mahospitali. Aende kliniki yeye na mkewe kabla ya uchungu, waseme wazi: mtoto wetu wa kwanza alikufa baada ya BCG, na daktari ametaka tupimwe. Liandikwe hilo katika kijitabu cha mama, ukurasa wa mbele, ili mkunga wa zamu ya usiku asiyewajua alisome. Mtoto azaliwapo achukuliwe damu, na BCG ingoje mpaka jawabu lirudi. Chanjo zisizo na vijidudu hai zisiachwe. Na zile zilizo hai, mfano wa matone ya polio, aulizwe daktari kwanza, kwa kuwa sababu ya kifo cha nduguye bado haijathibiti. Jawabu likija kwamba jeni zake ni nzima, au ni mbebaji tu, achomwe BCG wiki hiyo hiyo bila kukawizwa, kwani mtoto asiyekingwa katika mji wenye kifua kikuu naye yu hatarini. Na likija kwamba amerithi mbovu zote mbili, asichomwe BCG maisha yake, aepushwe na kila akohoaye, asinyweshwe maziwa yasiyochemshwa, na awe chini ya mkono wa daktari tangu siku hiyo, kabla homa haijamjua.

Ama yule mbuzi mweusi, kwa kuwa amekwisha kununuliwa, asirudishwe sokoni. Na afungwe, alishwe, angoje siku ya saba ya akika. Mtoto akiwa mwanamke, mmoja huyo watosha. Akiwa mwanamume, bora kijana amtafutie na wa pili, na rangi yo yote yafaa. Na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi.